Mfupa Ule Si Mimi

Asubuhi niliyotoka Hamugembe sikumuaga mtu, wala sikujua ninakwenda wapi. Nilivaa mashati mawili, moja juu ya jingine, nikatia kwenye mfuko wa sandarusi blanketi, kipande cha sabuni na bahasha kubwa yenye picha za kichwa changu, nikaurudisha mlango taratibu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akipunguza majani makavu ya migomba. Nilisikia kisu chake. Ningemuaga angelia. Na asingelia kwa sababu ninaondoka, maana nimeondoka mara nyingi tangu nilipoacha shule darasa la sita, na amezoea. Angelia kwa sababu siku hizi anaamini kwamba anayeondoka si mimi, ni kile kichwa kilichofunguliwa.

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nataka kulieleza lote, ili anayesoma aamue mwenyewe kama mimi ni mzima.

Mimi ni mzururaji. Sitafuti neno jingine. Niliacha shule kwa sababu dawati langu lilikuwa karibu na dirisha na dirisha lilitazama barabara. Nimebeba magunia bandarini Kemondo, nimepulizia kahawa dawa Karagwe, nimepaka rangi vibao vya maduka Kashai mpaka mwenye duka akagundua kwamba herufi zangu zinakua kadiri zinavyokwenda kulia. Nimepanga vyumba vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikiona kitu nisichokijua, nauliza. Nikijibiwa vibaya, nahama. Ukoo wetu umenilaumu kwa hayo miaka yote, nami nimeyabeba bila kinyongo, kwa sababu yalikuwa yangu. Uzururaji wangu niliutafuta mwenyewe. Hakuna aliyeniambukiza.

Kichwa kilianza kuuma nikiwa bado kwenye magunia. Hakikuuma chote. Kiliuma juu ya jicho la kulia, ndani sana, kana kwamba mtu amekaa humo anabonyeza kwa kidole gumba kutaka kutoka. Nikiinama kufunga gunia, kidole kinaongeza nguvu. Nilikwenda zahanati, nikaambiwa malaria. Nilikwenda nyingine, nikaambiwa homa ya matumbo. Nikarudi kwenye malaria. Kwetu kichwa kikiuma majibu ni hayo mawili, na mtu humeza dawa za yote mawili ili asikosee. Mimi nilizimeza miaka mitatu.

Mwanamke mmoja mzee wa Kashai, jirani wa chumba nilichopanga, aliniumika kwa pembe. Alinichanja juu ya nyusi, akabandika pembe, akanyonya hewa, damu nyeusi ikatoka, akasema amekitoa. Hakukitoa. Lakini simcheki, na sitaki mtu amcheke mbele yangu, kwa sababu katika wote walionitibu miaka ile mitatu, yeye peke yake ndiye aliyeweka mkono mahali penyewe.

Mwishowe daktari mmoja kijana pale mjini alichoka na mimi. Alisema malaria haiwezi kukaa kwenye nyusi moja, akaniandikia kipimo cha ile mashine inayozunguka kichwa. Nililala, ikazunguka, ikalia kama kinu cha mahindi. Fundi wa mashine alipotoka chumbani kwake aliniita "mzee", na wakati naingia alikuwa ameniita "wewe". Nikajua kuna kitu.

Nilimwomba anionyeshe picha. Ubongo ulikuwa wa kijivu, umezungukwa na duara jeupe la fuvu, na upande wa kulia mbele, kwenye duara lile, kitu cheupe kilikuwa kimeshika kwa ndani kama kiota cha nyigu kilivyoshika dari. Kilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba changu. Nilikitazama muda mrefu. Sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyesema miaka mitatu kwamba kuna mwizi darini, na leo amepanda mtu na taa.

Nilipewa barua ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Ukoo ukamtuma baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, anisindikize. Baba mdogo ni mtu wa heshima, anavaa koti hata jua la mchana, na ndiye anayesema neno la mwisho katika vikao vyetu.

Daktari bingwa tuliyemkuta alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alichukua bahasha ya picha zangu akaigeuza, akachora kwa kalamu mgongoni mwa bahasha mistari mitatu iliyopinda. Wa kwanza fuvu. Wa pili utando mgumu ulio chini yake, alisema ni kama ngozi ya ngoma. Wa tatu ubongo. Kisha akachora nundu ikitoka kwenye fuvu kuelekea ndani, ikaishia kwenye ngozi ya ngoma.

"Huu ni mfupa," akasema. "Mfupa wa kawaida kabisa, umeota mahali usipotakiwa. Si saratani na hautasambaa. Ni uvimbe adimu. Mimi mwenyewe nimeuona mara chache kuliko vidole vya mkono huu. Ungekuwa haukuumizi tungeuacha, tukawa tunaupiga picha kila baada ya muda. Lakini unabonyeza, na unakuumiza. Naweza kuutoa."

Nilimuuliza umeotaje. Akasema hakuna anayejua kwa hakika. Wapo wanaosema mtu huzaliwa na mbegu yake, wapo wanaosema ni kuumia zamani. Nilimpenda kwa kusema hajui. Nilimuuliza kama ataugusa ubongo. Akaweka kalamu kati ya mstari wa pili na wa tatu, akasema kazi yake inaishia hapo, na kama utando ukichanika atauziba. Kuna hatari ya damu kuvuja, kuna hatari ya wadudu kuingia kwenye kidonda. Aliyasema yote bila kuyapunguza.

Baba mdogo alikohoa. "Daktari, waitu, mheshimiwa, karatasi ya kukubali tutaisaini mimi na ndugu zangu. Turudi kwanza nyumbani, tuikalie kikao."

Daktari alimtazama kwa adabu. Akamuuliza kama mgonjwa anajua leo ni siku gani na yuko wapi. Baba mdogo akacheka, akasema huyu anajua hata yasiyomhusu.

"Basi anasaini mwenyewe," akasema daktari.

Nilisaini. Herufi zangu zilikua kuelekea kulia, lakini jina lilikaa lote. Tulipofika nje baba mdogo akasema tu kwamba baba yangu asingekubali. Nikamwambia baba yangu hakuwahi kuumwa na kichwa changu.

Sijui mengi ya siku yenyewe kwa sababu nililazwa usingizi. Ninayoyajua niliyauliza baadaye, mpaka wauguzi wakawa wakiniona wanageuza njia. Walininyoa. Walichanja ngozi nyuma kidogo ya mstari wa nywele, kutoka juu ya sikio moja hadi karibu na jingine, wakaikunja mbele kama mtu anavyokunja ukingo wa mkeka. Wakakata dirisha dogo kwenye fuvu, wakalitoa. Ile nundu ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Haikukubali kutoka nzima. Daktari aliisaga kidogo kidogo kwa kekee ndogo, huku mwenzake anamwagia maji isipate moto, ikatoka vipande vitatu na unga. Utando ulikuwa umechanika kidogo pale ilipokuwa imeshika, wakauziba. Wakalirudisha dirisha langu mahali pake kwa vibati vidogo na skrubu, wakarudisha ngozi, wakashona.

Nilipoamka nilikuwa na kiu na sura imevimba kama mtu aliyepigwa kwenye kilabu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Lakini yule wa kidole gumba hakuwapo. Nilimsubiri siku nzima. Kesho yake nikamsubiri tena. Siku ya tatu niliinama kuokota ndala, nikainuka, nikacheka peke yangu, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Daktari aliniletea vipande kwenye kichupa kabla havijapelekwa maabara, maana nilikuwa nimemsumbua. Vilikuwa vyeupe, vizito kuliko nilivyotarajia. Majibu yalipokuja yalisema mfupa uliokomaa, hakuna ubaya. Nilimuuliza mara ya mwisho kuhusu ubongo, akanijibu polepole, kana kwamba anajua kwamba siku moja nitahitaji maneno yale: "Ubongo wako hatukuugusa. Unarudi na akili uliyokuja nayo. Kama ilikuwa na kasoro, usinisingizie mimi."

Nikarudi nyumbani Hamugembe, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza.

Watu walikuja kuniona na ndizi, maziwa na sala. Hilo ni jema, siwalaumu. Lakini walizungumza na mama. Walimuuliza mama kama ninakula, kama ninalala, kama ninawatambua watu, na mimi nimekaa palepale kwenye kiti. Mwezi wa kwanza nilinyamaza. Mwezi wa tatu nilianza kujibu. Nikijibu, walitazamana. Nikisahau funguo, ni kichwa. Nikicheka sana, ni kichwa. Nikitaka kwenda Kashai kuwaona jamaa zangu wa zamani, mama anaweka mkono kifuani, anasema mwanangu, hujatulia, daktari aliacha kitu wazi. Miaka yote nimekuwa situlii popote, na wote wanajua; walinitukana kwa hilo mchana na jioni. Sasa hata lile kosa langu la asili walikuwa wamenipokonya wakaupa mfupa. Hilo liliniuma kuliko mshono.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kisha likaja suala la mpaka.

Kibanja cha ukoo wetu, lile shamba la migomba, kiko vilimani huko Muleba, na jirani mmoja alikuwa ameanza kupanda migomba yake ndani ya mstari wetu. Baba mdogo aliita kikao ili tukubaliane nani atakwenda kutoa ushahidi kwenye baraza la kata. Nilikwenda na mama kwa moyo mkubwa. Mimi ni mtoto wa kwanza, na nilipokuwa mdogo baba alinizungusha mpaka ule mzima kwa miguu, akanionyesha kila omulamula, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani kwa sababu haufi kirahisi. Shahidi aliyebaki hai upande wetu ni mimi.

Kwetu kikao hakianzi kabla ya kahawa ya kutafuna kuzunguka. Mnajua wenyewe: kikapu kidogo, buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kinaanzia kwa mkubwa na kinashuka, na kila aliyechukua ndiye mwenye sauti siku hiyo. Watoto hawapewi. Aliye mahututi hapewi. Kikapu kilitoka kwa baba mdogo, kikapita kwa wadogo zake wawili, kikafika kwa shangazi aliyekuwa kulia kwangu. Nikanyoosha mkono. Shangazi akakiinua juu ya magoti yangu, akampa mdogo wangu aliyekuwa kushoto.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Walifanya kama watu wanaopitisha sahani ya moto juu ya kichwa cha mtoto.

"Baba mdogo," nikasema, "kikapu kimenipita."

"Pumzika, mwanangu. Kahawa ina nguvu, na wewe una kidonda."

"Kidonda kilipona mwaka jana."

"Kidonda cha ndani hakionekani."

Akaendelea na kikao. Akasema kwa upole kabisa kwamba mdogo wangu ndiye atakayekwenda barazani, kwa sababu jirani yule ni mjanja, na akijua shahidi wetu ni mtu aliyefunguliwa kichwa tumekwisha. Mdogo wangu aliangalia chini. Yeye wakati baba ananizungusha mpaka ule alikuwa bado tumboni.

Nikasimama. Nilisema omulamula wa kwanza uko kwenye jiwe lililopasuka, wa pili kwenye mti wa mbuni uliokauka, wa tatu baba aliupanda upya baada ya ng'ombe kuukanyaga, na shina lake limepindia chini, upande wa ziwa. Nikaitaja yote kumi na mmoja. Nikasema nani alikuwepo kila ulipopandwa, na kwamba baba wa jirani mwenyewe alishika kamba siku ile. Nikaeleza na upasuaji. Nikatoa bahasha, nikawaonyesha mistari mitatu na mahali kalamu ya daktari iliposimama. Nilisema kwa muda gani sijui. Nilipomaliza nikadhani nimeshinda.

Shangazi akafuta macho. "Mnaona?" akawaambia. "Kikianza hakisimami."

Nilielewa hapo kwamba hakuna kitu nitakachosema kitakachonitoa. Nikinyamaza, ni mgonjwa. Nikithibitisha, ni mgonjwa zaidi. Nilikunja bahasha yangu, nikamwambia mdogo wangu akikwama barazani amuulize baba wa jirani nani alishika kamba. Basi. Tukarudi Hamugembe na mama, na kulipokucha nikatoka kama nilivyosema.

Barabarani niligeuka kusini kwa sababu kaskazini palikuwa na watu wanaonifahamu. Nilitembea mpaka jasho likanitoka, nikavua kofia. Karibu na Kemondo lori lililobeba barafu ya samaki lilisimama. Dereva alikuwa kijana mnene anayetafuna muwa. Alinitazama kichwani, kwenye kovu la mshono, kabla ya usoni.

"Hiyo zipu," akasema, "wameifunga mpaka mwisho?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari. Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyenitania. Wote walikuwa wakininong'oneza kama maiti. Nikapanda. Aliniuliza walitoa nini, nikamwambia mfupa. Akauliza kama ulikuwa wa nyama au mtupu. Mpaka tunavuka Muhutwe nilikuwa nimemchorea mistari mitatu kwenye vumbi la dashibodi, naye ananiuliza maswali ya maana kuliko ukoo wangu wote: kwa nini haukuota kwa nje, skrubu zile zinashika kutu?

Lori lilishusha barafu kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, upande wa Muleba. Mtumbwi wa injini ulikuwa unapakia barafu ileile kwenda kisiwa cha Goziba. Sikuwahi kufika Goziba. Hiyo ilitosha. Nilisaidia kupakia, wakaniacha nipande, na kwa saa kadhaa nikatazama vilima vya kwetu vikipungua mpaka vikawa kama kitu mtu anachoweza kukifunika kwa kiganja.

Tulifika jua likiwa bado lina nguvu. Kisiwa kilinuka dagaa. Nyumba za mabati zilikuwa zimesongamana juu ya mawe, dagaa wameanikwa hadi mlangoni mwa watu, na nilisikia lugha nne kabla sijavuka ufukwe. Niliulizia pa kulala, nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Kikerewe mwenye nyumba ya vyumba sita. Alikuwa anachagua mchele. Aliniangalia kovu lililotokeza chini ya kofia, akaita mwenyekiti wa kambi ya wavuvi, maana hapa mgeni haruhusiwi kulala kabla ya kuandikwa.

Mwenyekiti alikuja na daftari na penseli nyuma ya sikio. Jina, nilikotoka, kazi. Kisha akauliza mdhamini wangu nani. Alieleza bila ukali: watu wengi wanaokuja Goziba wamekimbia kitu, kwa hiyo kila mgeni lazima awe na mtu anayemjua, wa kusema huyu ni mtu wa aina gani.

"Sina mtu," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Ninao wengi. Wakiulizwa watakwambia sina akili timamu."

Yule mama akaacha kuchagua mchele. Nikavua kofia, nikainama ili mwenyekiti auone mshono wote. Nikamwambia kulikuwa na mfupa humu, ukatolewa, si saratani, si kifafa, ubongo haukuguswa. Nikasema nimekuja hapa kwa sababu sijawahi kufika hapa, na kwamba nilikuwa hivyo hata kabla ya mfupa. Nikasema kama anataka kunikataa anikatae kwa uzururaji, huo ni wangu, lakini asinikatae kwa kichwa.

"Usije ukanifia humu, baba," akasema yule mama.

"Nikifa, mama, itakuwa kwa dagaa zako."

Akatoa mguno. Mwenyekiti hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza leo ni siku gani, nikamwambia. Akauliza niliondoka wapi na kwa chombo gani, nikamtajia dereva alivyokuwa, idadi ya mabonge ya barafu, na bonge lililovunjikia mwaloni. Akaniuliza kama nikipewa kamba ya mtumbwi nitaishika au nitaanza kuuliza imesokotwa wapi. Nikasema vyote viwili.

Alitoa penseli sikioni. Mahali pa mdhamini alisita kidogo, kisha akaandika, na kwa kuwa ninapenda kujua kila kitu nilisoma kinyumenyume kutoka nilipokuwa nimesimama: *mwenyewe*.

Akanigeuzia daftari nikasaini. Yule mama akainuka na funguo, akanionyesha chumba cha mwisho. Alisema bati linavuja juu ya kitanda, nikisikia mvua nisogeze godoro ukutani, na kesho, kwa kuwa naonekana nina mikono, nipande nikalizibe.